Nguzo za Baraza la Mama

Nyumba ya wazazi wangu iko Katumba Songwe, upande ambako maji ya mto yakijaa huanzia. Kuta zake ni za tofali za kuchoma, lakini mbele baba aliweka baraza la mbao tupu: nguzo nne za mninga, ukingo wa kuegemea unaozunguka pande zote, na ubao mpana wa kukalia uliopigwa randa mpaka ukawa laini kama kiganja. Miaka ile kila aliyejenga alitaka nguzo za zege. Baba alikuwa amefanya kazi ya kusafirisha mbao karibu maisha yake yote, akasema hawezi kuwapelekea watu mbao miaka yote hiyo halafu yeye mwenyewe uzeeni aegemee saruji.

Hakuliegemea sana. Alipofariki tulimzika pembeni mwa nyumba, kwenye migomba, na mama akabaki peke yake. Mimi nilikuwa Mbeya, nashona nguo. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha na watoto sikujaliwa. Kaka yangu alikuwa Dar es Salaam na mke, watoto na kazi ya ofisini. Hakukuwa na mjadala mrefu kuhusu nani arudi nyumbani. Nilipakia cherehani yangu kwenye basi, nikashuka Kyela mvua ikinyesha, na mama akanipokea kama mtu aliyekwenda sokoni akachelewa kidogo.

Asubuhi zake zote mama alizitumia barazani. Alisimama ameuegemeza mwili kwenye ukingo, mikono ameikunja juu ya ule ubao, akiwasalimu watu wanaokwenda kwenye mpunga na kakao. "Ugonile," alisema, kisha akangoja. Hakukubali mtu ajibu huku anatembea. Ilibidi asimame, amwambie watoto wameamkaje, mguu wa bibi yake unaendeleaje, na kama maji yameshaondoka kwenye jaruba lake. Kwa njia hiyo alijua habari za watu wengi kuliko mtu yeyote pale kijijini, bila kutoka nyumbani. Magoti yake yalikuwa hayamruhusu tena kwenda mbali.

Siku moja nilikuwa nafagia, nikaona mstari wa udongo, unene wa kidole, umepanda nyuma ya nguzo ya kona upande usioonekana na wapita njia. Niliubomoa kwa ufagio. Ndani yake mchwa weupe walikimbia huku na huku. Nikaigonga nguzo kwa mpini wa ufagio. Juu ililia kavu kama mti mzima, lakini chini, usawa wa magoti, ililia kama boksi tupu. Nikachukua kisu cha jikoni nikakisukuma karibu na ardhi. Kilizama bila kubishana.

Nilipomwonyesha mama, hakushangaa.

"Baba yako alikuwa anazipaka kila kiangazi," alisema.

"Na tangu afariki?"

"Nani angezipaka?"

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayejibu swali la njia.

Baba alikuwa akipaka oili chafu. Aliichukua kwenye gereji za malori kule Kasumulu mpakani, akaichanganya na dizeli kidogo iwe nyepesi, iingie ndani ya mbao badala ya kukaa juu. Nami nikafanya hivyohivyo. Nilirudi na dumu, nikafunga kichwa kitambaa, nikapaka kutoka juu kwenda chini mpaka viwiko vyangu vikawa vyeusi. Harufu ilikaa nyumbani wiki nzima. Watu waliopita walimpa mama pole, wakidhani tumepata ugeni wa dereva. Mimi niliona nimefanya kazi kubwa. Kumbe mchwa walikuwa wanaendelea ndani, chini ya kile nilichopaka.

Aliyenieleza ni mjomba. Ni mdogo wake mama, alioa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, akawa Mwislamu, akaendelea na biashara yake ya vitenge na samaki wakavu huku na huko. Sisi wengine ni watu wa kanisani, lakini hilo halikuwahi kumzuia kuja Pasaka na Krismasi, akala na kulala. Wakati baraza linajengwa, yeye na baba ndio waliochimba mashimo ya nguzo. Alipokuja mara ile alizunguka nguzo zote, akachuchumaa, akachimba kidogo kwa kijiti pale nguzo inapoingia ardhini, akanusa udongo.

"Shida iko hapa chini," aliniambia. "Maji yanakaa hapa, na wadudu wanapita hapa. Nguzo ikibaki udongoni, utaipaka mpaka huyo Yesu wenu arudi, na bado itaoza."

Mama alicheka. Sikumbuki kama nilimsikia tena akicheka namna ile.

Kiangazi kile tulifanya kazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka moyo wangu unalainika kidogo. Fundi mmoja kutoka Ndandalo alikuja na jeki ya lori na miti ya mkaratusi, tukalitegemeza paa la baraza. Nguzo moja ilikuwa haina chake tena, ilivunjika ikiwa bado mikononi mwetu, ndani yake ni udongo mtupu. Ya pili ilikuwa imeliwa mpaka nusu. Mbili zilikuwa nzima isipokuwa miguu, nazo tukazikata juu ya sehemu iliyooza. Chini tukamimina vigingi vya zege virefu kidogo kuliko usawa wa maji ya kila mwaka, na juu ya kila kigingi tukaweka kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini, ili mchwa akipanda akutane nacho na aonekane. Udongo wa kuzunguka tukaumwagia dawa. Mbele tukachimba mfereji wa kupeleka maji upande wa migomba.

Mjomba alisisitiza kwamba ncha zilizokatwa ndizo zinazokunywa maji kuliko sehemu nyingine zote za mbao. Kwa hiyo tuliziacha zikauke kwanza, kwa muda mrefu kuliko subira yangu, halafu tukazisimamisha ndani ya beseni lenye oili. Niliangalia ile oili ikipungua. Mbao ilikuwa inaivuta polepole, na juu kidogo ya beseni rangi yake ikageuka kahawia iliyokolea. Nilimwita mama aje aone. Alikuja na fimbo yake akatazama, akasema baba yangu angefurahi.

Badala ya nguzo mbili zilizoharibika tulipata mbao za paina zilizotiwa dawa, za kijani kijani. Mninga wa unene ule hakuna aliyekuwa nao tena. Fundi alisema hata kuuliza ni kuwachekesha watu.

Mvua zilipokuja mwaka ule, maji yalipita mferejini kama tulivyotaka. Nguzo zilikauka ndani ya siku chache. Kila wiki niliinama chini ya yale mabati nikaangalia, sikuona mstari wa udongo hata mmoja. Mama aliwasimulia wapita njia wote habari za vigingi vya zege, na wengine walikuja kuvitazama kwa karibu. Ulikuwa mwaka mzuri. Nilidhani ndivyo mambo yatakavyokuwa, kwamba nimeshajua kazi na imebaki kuirudia.

Krismasi iliyofuata kaka alikuja na familia yake. Hakuwa amefika tangu mazishi. Binti yake aliegemea nguzo siku ya kwanza, gauni lake jeupe likapata alama nyeusi mgongoni. Kaka hakugomba, alisikitika tu. Alisema mama yake anaishi kama yuko gereji. Kesho yake akaenda Kyela mjini akarudi na makopo ya rangi ya mafuta, nyeupe na kahawia, brashi, msasa na petroli ya kuoshea oili.

Nilimwambia kwamba mbao zimelowa. Mvua ilikuwa imeanza tangu Novemba na huku kwetu ikianza haina haraka ya kuondoka. Nilimweleza, kama mjomba alivyonieleza, kwamba rangi ya mafuta inafunga, maji yaliyomo ndani hayatapata pa kutokea. Nikamwomba asubiri Septemba.

"Septemba sina likizo, mdogo wangu," alisema. "Niko hapa leo."

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa ameshavua shati, amevaa kaptula ya zamani ya baba aliyoipata kwenye kabati, na alikuwa na haya kidogo, kama mtu mzima anayejaribu mchezo aliousahau. Nilimgeukia mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, na mjukuu amemshikia mwavuli. Aliniita karibu, akaniambia kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini ili wajukuu wasijue tunazungumza nini: "Mwache. Tangu baba yenu afe hajagusa kitu cha nyumba hii."

Nikamwacha. Nilikwenda kupika. Kutoka jikoni niliwasikia wakicheka, kaka na watoto wake, na mama akiwaelekeza pale walipopitiwa. Walipomaliza, baraza lilikuwa zuri, siwezi kusema vinginevyo. Nguzo za kahawia, ukingo mweupe. Waliporudi Dar es Salaam mama alikuwa akipitisha kiganja juu ya ule ukingo mweupe mara kwa mara, na alipomsalimu mtu alimwambia pia nani aliyeupaka.

Masika yale mto ulikuja kwa nguvu. Tumezoea maji, lakini si maji yanayopanda mpaka madirishani. Tulihamishwa na wengine hadi Ndandalo, tukakaa kwa ndugu wa baba, tukilala wengi chumba kimoja na magunia ya mpunga uliookolewa ukiwa bado na unyevu. Mama hakulalamika chakula wala mahali pa kulala. Alichouliza kila asubuhi ni kama kuna mtu aliyetoka upande wa kwetu.

Tuliporudi, tope lilikuwa limechora mstari ukutani juu ya kitasa cha mlango. Mfereji wetu ulifukiwa, haukuonekana hata ulipokuwa. Vigingi vya zege vilikuwa vimefunikwa na udongo, na udongo ule uligusa mbao. Lakini baraza liling'aa. Ukiitazama nyumba kutoka njiani, baraza ndilo lililoonekana zima kuliko kitu kingine chochote.

Nikaanza kutoa tope kuzunguka nguzo kwa jembe. Baada ya siku kadhaa za jua nikaona malengelenge kwenye rangi. Nilitoboa moja kwa sindano ya kushonea. Yalitoka maji ya kahawia yenye harufu ya uyoga. Nikakwangua rangi pale, na mbao chini yake ilikuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Nilimwambia mama tutaikwangua rangi yote ili mbao zipumue. Alipitisha kiganja juu ya ukingo.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi anza na nguzo," alisema. "Ukingo uache mwishoni."

Nilianza na nguzo. Kazi ilikuwa ya polepole kwa sababu nilikuwa na nguo za watu za kushona, na nyumba nzima ilihitaji kukaushwa. Ukingo ulionekana mzima. Rangi yake haikuwa na lengelenge hata moja.

Asubuhi ile mama alikuwa amesimama mahali pake. Mama mmoja jirani alipita na ndoo ya kakao mbichi kichwani, na alikuwa anaeleza habari za mwanawe aliyekwenda kujifungua. Mama aliinama mbele kidogo ili amsikie vizuri. Mimi nilikuwa ndani kwenye cherehani. Sikusikia mbao ikivunjika, kwa sababu haikuvunjika kwa sauti ya mbao. Nilisikia kitu kama mkeka unaochanika, halafu ndoo ikianguka.

Alikuwa amelala chini upande wa mfereji, mguu mmoja umegeuka vibaya, kipande cha ubao mweupe bado kiko chini ya mkono wake. Yule jirani alikuwa amepiga magoti kwenye kakao iliyomwagika, amemshika kichwa. Nilitaka kumwinua.

"Usinisimamishe," mama alisema. Ndilo jambo pekee alilosema mpaka tulipofika hospitali.

Ilikuwa nyonga. Daktari alieleza kwa upole kwamba kwa umri wake mfupa wa pale huenda usiunge, na kama utaunga, kutembea ni suala jingine. Kaka alifika kwa ndege hadi uwanja wa Songwe kule Mbeya, akaja hospitali, halafu akaomba nimpeleke nyumbani kwanza. Alichuchumaa mbele ya ule ukingo uliokatika. Alichukua kipande, akakibana kwa vidole, kikamomonyoka chote, ikabaki ngozi ya rangi nyeupe kiganjani mwake.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuambia."

"Najua," alisema. "Najua uliniambia."

Alilia pale. Sikuwa nimemwona akilia hata siku ya mazishi. Sikuwa na hasira naye. Nilimletea maji ya kunawa.

Alimchukua mama akaenda naye Dar es Salaam, karibu na hospitali kubwa. Walimtoa wodini kwa machela, na aliponiaga aliniambia nifunge madirisha ya mbao mvua ikija upande wa ziwa. Kutoka hapo nikabaki peke yangu na baraza.

Sikuacha kujaribu. Nilikwangua rangi yote, nikang'oa ukingo wote, nikangoja kiangazi, nikapaka dawa ya wadudu mara mbili halafu oili. Ile dawa ilinikaa kifuani, nilikohoa mpaka watu wa kanisani wakaanza kuniombea. Nilisafisha vigingi mpaka mabati yakaonekana tena. Mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi wakaruka. Kila mwaka hutoka ardhini, na watu huwakusanya wakala. Mwaka ule, wa nyumbani kwetu hawakutoka ardhini. Walitoka kwenye dari juu ya chumba cha mama, wakimwagika kupitia ufa mmoja, mabawa yao yakajaa kitandani kwake.

Nikampigia mjomba. Alivuka mpaka akaja, akiwa amepungua sana mwili, na kutoka barabarani hadi nyumbani alipumzika njiani. Alimwomba fundi apande kwenye kenchi na nyundo. Tulisikia zile sauti za boksi tupu tukiwa chini, mimi na yeye, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Fundi alishuka na kipande cha mbao alichokiinua kwa mkono mmoja ingawa kilikuwa kirefu kuliko yeye.

Mjomba alisema mchwa hawakupitia kwenye nguzo tulizozishughulikia. Mafuriko ndiyo yaliyowapa mchwa njia nyingine. Walipita ndani ya ukuta, katika udongo uliofungia tofali, wakapanda mpaka juu, na hakuna dawa inayoweza kuwafuata humo bila kuibomoa nyumba yenyewe.

"Mpwa wangu," alisema, "ingekuwa yangu ningelivua baraza na paa la mbele kabla halijamwangukia mtu mwingine. Kisha nisingejenga tena hapa."

"Na mama akirudi?"

Aliomba maji ya kutawadha, akaswali uani, akalala kwetu, na asubuhi akarudi kwake. Hakuja tena. Alifariki kabla ya Pasaka, nami niliwahi maziko yake ng'ambo, nikakaa na wanawake wa kule kwenye mkeka, nikala nao wali.

Kaka alikubali baraza livuliwe. Akaniomba nimwambie mama mimi mwenyewe, kwa sababu yeye alijaribu mara mbili akashindwa. Nilimpigia mchana, akiwa ameshakula. Nilimweleza yote bila kuzunguka: dari, kenchi, maneno ya mjomba, kwamba fundi anakuja wiki ile.

"Na mninga zile mbili?" aliuliza.

"Zimetoka nzima. Tutazilaza ndani."

"Zitafanya nini ndani?"

Nikamwambia sijui.

"Haya," alisema. "Mpunga umechanua?"

Nikamwambia umechanua, wa upande wa juu tu, wa bondeni ulikwenda na maji. Akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akampa mjukuu simu.

Hakurudi kutembea. Anakaa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu katika nyumba iliyo juu ya nyumba nyingine, na kaka anasema siku hizi anauliza mambo machache.

Fundi alivua baraza lote kwa siku moja. Mbao zilizooza na zile za paina tulizirundika nyuma ya nyumba, fungu kubwa kuliko nilivyotarajia. Jirani mmoja mwenye watoto wengi alikuja kuomba kuni. Ilibidi nimkatalie. Nilimweleza kwamba zimenyweshwa oili na dawa ya sumu miaka mingi, moshi wake ukiingia kwenye chakula utawadhuru watoto. Alilitazama lile fungu, akanitazama mimi, na niliona hakuniamini. Aliona mtu mmoja asiye na mtoto, mwenye kuni za mwaka mzima, anayemnyima. Aliniaga kwa heshima. Tangu siku hiyo hajaomba kitu tena kwangu.

Zile kuni sikuzichoma kwa sababu sikujua pa kuzichomea. Mwanzoni nilizifunika kwa turubai, kwa mazoea ya kutotaka mbao zinyeshewe. Kisha mvua iliponyesha nikagundua kwamba pale paa la baraza lilipoungana na nyumba fundi hakupaziba vizuri, na maji yanaingia moja kwa moja juu ya kitanda changu. Nikatoka, nikalivuta lile turubai kutoka kwenye kuni, nikaja nikalitandaza juu ya godoro.